Safari ya Kuagana

Mama wa mgahawa alileta mabakuli matatu.

"Mama, tuko wawili," Wilna akamwambia kwa Kichina, huku akicheka.

Yule mama alikitazama kiti kilichokuwa wazi kati yao, akamtazama Wilna, kisha akaenda zake jikoni na bakuli la tatu akaliacha palepale. Tambi za mchele, supu ya samaki mkavu, majani ya vitunguu juu yake, mvuke ukifuka. Vijiti vya kulia chakula alivipanga upande wa kushoto wa bakuli hilo.

"Kaniona nilivyo, akajua moja halinitoshi," Orla akatania.

Wilna hakucheka tena. Alikuwa amevikodolea macho vile vijiti vilivyopangwa kushoto.

Walikuwa Chenggong, pwani ya mashariki ya Taiwan, katikati ya mwezi wa saba wa kalenda ya wenyeji. Mwezi huo wafu wasio na wa kuwalisha hutembea, na kila mwenye duka hutandika meza ya chakula barabarani kwa ajili yao. Hawatajwi kwa jina lao. Huitwa ndugu wema, wasije wakaudhika. Mwenyeji mwenye akili zake haendi baharini mwezi huo. Wanaokwenda ni wageni, kwa sababu vyumba ni vitupu na ufuo wote ni wao.

Orla alikuwa Mwairishi, na kwa mwaka mzima alifundisha Kiingereza mjini Tainan. Jumapili angepanda ndege arudi kwao moja kwa moja. Mama yake alikuwa ametoka kupasuliwa na alikuwa akihesabu siku za kumngoja. Wilna alitoka Afrika Kusini, mwalimu wa shule ileile, na alikuwa ameishi Taiwan zaidi ya miaka kumi. Marafiki walikuja, akawafundisha kuendesha pikipiki na kuagiza chakula, wakamzoea, wakaondoka. Ugenini urafiki ni wa msimu, na Wilna alikuwa amechoka na misimu.

"Usije ukaniaga uwanja wa ndege kama dereva wa teksi," alimwambia Orla. "Nipe safari moja tu." Orla angemkatalia vipi?

Walipotoka pale mgahawani walipanda pikipiki, Wilna mbele, Orla nyuma. Kwenye mlima mdogo tu injini ikaanza kukohoa.

"Shoga, umenenepa!" Wilna akapaza sauti.

"Tambi zako hizo!"

"Haya, basi usinibane kiuno hivyo, napumua kwa shida."

Orla akainamisha macho kutazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa nyuma, imeshika chuma cha kiti. Puani mwake ikaja harufu ya mafuta ya nazi, yale wanayojipaka watu wa kuogelea, iliyochanganyika na harufu ya maji ya chumvi yaliyolala.

Kwenye nyumba ya wageni, mzee wa mapokezi aliwapa taulo tatu na ndara jozi tatu. Orla alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Mvua nayo ikaanza, si mvua ya kunyesha bali ya kumwagwa, na kabla ya saa za mchana kwisha habari zikaja kwamba dhoruba imepiga, barabara imefunikwa na mawe kaskazini na kusini, na treni zimesimamishwa.

"Mpaka lini?" Orla akauliza.

Wilna akamuuliza mzee, mzee akajibu maneno mengi, na Wilna akatafsiri moja tu: "Hajui."

Hapo ndipo Orla alipoonja ufungwa wake. Hakujua lugha. Kila alichokula, kila alikokwenda, kila alichoambiwa na watu wa nchi ile kilipitia kwanza mdomoni mwa Wilna.

Walikaa chumbani, mvua ikipiga bati, na Orla akazisikia ndara nje ya mlango, ndara zilizolowa, zikienda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, zikienda na kurudi, kisha zikasimama, na ingawa mlango haukufunguka wala hewa haikutikisika, kitanda cha tatu kilichokuwa kimetandikwa vizuri kando ya dirisha kikabonyea polepole katikati kama kinavyobonyea kitanda mtu anapokaa kuvua viatu, na shuka likaanza kulowa kutokea pale palipobonyea.

"Wilna," akanong'ona. "Ni nani huyu?"

Wilna alikuwa analia. Hakuwa analia kwa hofu, na hilo ndilo lililomtisha Orla zaidi.

"Corinne. Alifundisha kabla yako. Alitumia mkono wa kushoto. Tulikuja hapa mwezi kama huu, akaingia kuogelea, bahari ikamchukua. Hawakumpata."

"Na mimi umenileta hapahapa?"

"Peke yangu niliogopa kuja."

"Ulinificha mwaka mzima!"

"Ningekwambia nini? Chumba chako kilikuwa chake. Hata jina lako la Kichina. Ke Lin. Lilikuwa lake."

Orla akakumbuka siku mwalimu mkuu alipompa muhuri wa jina, ule wa kugonga badala ya sahihi. Shule humchagulia kila mgeni jina la kienyeji. Yeye alipewa lililokwisha chongwa, maana nani atachonga jingine kwa mtu wa kupita? Akashukuru, na mwaka mzima akagonga jina la maiti kila palipotakiwa jina lake.

Mzee wa mapokezi alipoelezwa na Wilna yaliyotokea, hakuuliza swali. Aliwaelekeza hekaluni, kwa Mama A-Kim, anayewaitia watu roho zao zilizoshtuka zikatoka mwilini. Njiani, chini ya mwavuli mmoja, Orla alimshika Wilna mkono.

"Nisikilize. Akiuliza jina, usimpe lile. Mwambie Orla."

"Sawa."

"Niapie."

"Sawa, bibie. Nimekusikia."

Mama A-Kim alikuwa mwanamke mfupi mwenye joho la buluu na mikono ya mpishi. Alitaka nguo ambayo Orla ameivaa; Orla akavua shati lake la juu. Mama akajaza kikombe mchele, akakifunga ndani ya shati lile, akawasha ubani. Kisha akauliza kitu, naye Orla, asiyejua Kichina, alijua kabisa kilichoulizwa.

Wilna akamtazama Orla. Akayarudisha macho kwa yule mama.

"Ke Lin," akasema.

"Hapana!" Orla akapiga kelele. "Si mimi! Wilna, mwambie si mimi!"

Mama A-Kim akamwashiria anyamaze, kama anyamazishwavyo mgonjwa mbele ya sindano, akaanza kukizungusha kikombe juu ya kichwa cha Orla na kuita kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula, Ke Lin rudi nyumbani, Ke Lin rudi nyumbani, na kila alipoita Orla alihisi miguu yake ikikosa sakafu, na harufu ya nazi ikajaa hekalu zima, na alipoita mara ya mwisho mtu aliyesimama palepale aliposimama Orla akaitikia kwa mdomo wa Orla:

"Nipo."

Mama A-Kim akalifungua shati, akautazama mchele, akatabasamu. Yule mwanamke aliyeitikia akanyoosha mkono wa kushoto kulipokea. Orla alimshika Mama A-Kim bega, na vidole vyake havikushika kitu. Aliita mpaka koo likamkauka, na ubani ukaendelea kupanda wima.

Wilna ndiye pekee aliyegeuka. Hakumwona, alitazama pembeni kidogo ya pale alipokuwa.

"Nisamehe," akasema. "Wewe ulikuwa unaondoka, Orla."

Simu ikalia mfukoni mwa yule mwanamke. Akaitoa, akaangalia jina, akaiweka sikioni. Orla aliisikia sauti ya mama yake ikiuliza, imechoka na imejaa furaha, kama Orla ameshafunga mizigo.

"Hapana, mama, usiningoje Jumapili," yule mwanamke akajibu kwa sauti ya Orla, kwa upole wote ambao Orla angekuwa nao. "Nimeamua kubaki."