Chai ya Meneja

Kila jioni Chiriku alikuwa na kazi zake: kuosha vyombo, kuinjika sufuria na kupokea simu ya mama. Jina hilo alipewa na dada yake kwa wingi wa maneno. Binti huyo akianza kusema, hata redio ya jirani huona haya. Waliishi wawili tu katika chumba cha kupanga. Yeye alisoma darasa la sita, na dada alifanya kazi ya kupiga pasi katika hoteli kubwa ya mjini. Mashuka na vitambaa vya meza, kutwa nzima, wima. Alirudi nyumbani hoi, na mara nyingi usingizi ulimkuta na tonge mkononi.

Mama naye alikuwa mbali, mpishi wa shule ya bweni. Alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeelemewa: masufuria mazito, moshi, mgongo. Jioni moja Chiriku alimhurumia mno. Alitamani kumpa habari njema, na kwa kuwa hakuwa nayo, akaitunga. Akasema dada amepandishwa cheo, sasa ni meneja, ila mama asimwulize, maana anataka kumshtukiza mwenyewe. Mama akacheka kicheko cha raha. Basi ikawa ndiyo hivyo: mama akiuliza habari, Chiriku humwongezea meneja sifa. Dada, kwa uchovu wake, hakujua lolote.

Sasa hoteli ile ilikuwa na desturi yake. Mfanyakazi aliyemaliza mwaka bila kukosa kazi hukaribishwa bure chai ya saa kumi, yeye na wa nyumbani kwake, na siku hiyo wenzake humhudumia na kumwita bosi, kwa utani tu. Mwaka huo zamu ilimwangukia dada, naye bila kusita akamwita mama.

Mama alifika asubuhi, miguu imevimba kwa safari. Chiriku akajipa matumaini kwamba siku moja si nyingi, itapita. Wahenga walishasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Chiriku iliishia kwenye kiti cha mahameli.

Saa kumi, walipoketi hotelini, mhudumu mwenye koti jeupe aliinama mbele ya dada. "Karibu, bosi," akasema. Mama akamtazama binti yake mkubwa, machozi yakimlengalenga. Vikaletwa vikeki vidogo vidogo, mama akauliza kama ni vya kula au vya kutazama. Dada alicheka huku macho yakimfumba, kwani alikuwa ametoka kazini mchana ule ule.

Mama akanywa mafunda mawili, akatoa simu mkobani. Akaeleza kwamba mpishi mkuu anangoja jibu lake leo. Kama harudi kazini, kuna mwingine anayeitaka nafasi yake.

"Mgongo umekataa, wanangu," akasema. "Nina mtoto meneja, nahangaika na masufuria ya nini? Nampigia sasa hivi, namwambia sirudi."

Dada, aliyedhani mama anaendeleza utani wa bosi, alitabasamu tu. Mama akaanza kuitafuta namba. Chiriku akapiga hesabu. Akinyamaza, uongo wake utapona leo. Lakini kesho mama hana kazi, na mshahara wa kupiga pasi, usiowatosha wawili, utalishaje watatu? Akaiwekea simu kiganja.

"Mama, usipige. Dada si meneja. Anapiga pasi. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Usingizi ukamruka dada. Akauliza meneja gani, na Chiriku akasimulia yote huku analia, safari hii bila nakshi. Mama akaushika mkono wa dada, akaugeuza, akayaona makovu ya pasi. Akamwuliza mbona hakumwambia. Dada akajibu kwamba hajawahi kumficha kitu; alidhani mama anajua kuwa bado anapiga pasi.

Chiriku alingoja kukemewa, na kemeo halikuja. Mama alikuwa amechoka hata hakuweza kukasirika, na hilo lilimuuma mtoto kuliko fimbo. Dada akatoa shauri: mama akapimwe mgongo hospitali kabla ya kuondoka, na aombe kazi ya kukaa. Mama akampigia mpishi mkuu, akamweleza ukweli kuhusu mgongo wake. Yule bwana alinung'unika kidogo, kisha akakubali kumweka kwenye kumenya na kukata mboga.

Mama akaiweka simu mezani, akamgeukia Chiriku.

"Najua ulinionea huruma, mwanangu. Lakini mtu aliyechoka ndiye hasa wa kuambiwa ukweli. Ukimpoteza njia, nguvu za kurudi atazitoa wapi?"

Mama akamfuta Chiriku machozi kwa kitambaa cha meza, akamsogezea kikombe. Kisha akaegemea kiti, akalala palepale mbele ya wageni wa hoteli, na wanawe hawakumwamsha.