Mstari wa Juu Ubaoni

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Shuleni alikuwa kiranja wa ubao. Kila siku kengele ya mwisho ikilia, yeye ndiye aliyelowesha kitambaa, akakikamua, akafuta ubao kuanzia juu hadi chini mpaka ukang'aa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi hiyo aliipenda kuliko hesabu.

Likizo ilipofika, mama yake alimpeleka mjini wakapumzike siku tatu. Walipanga nyumba ya wageni, ghorofa ya pili, katika mtaa wa makazi ambako nguo zilianikwa kila roshani na majirani walisalimiana madirishani. Ndani, nyumba ilipambwa kama darasa la zamani. Meza ya kulia ilikuwa madawati mawili yaliyounganishwa, ramani kuukuu ilining'inia juu ya kitanda, na ukuta mzima wa sebuleni ulikuwa ubao mweusi. Mwenye nyumba, bibi mjane aliyeishi ghorofa ya chini, aliwapa funguo na maelezo. Kitinda hakuyasikia, alikuwa akichezea kengele ya mkono.

Asubuhi ya pili mama alipoingia kuoga, Kitinda alibaki akiutazama ubao. Wageni waliotangulia walikuwa wameujaza maua, nyuso na majina. Mkono ukamwasha. Akalowesha kitambaa, akapanda juu ya dawati, akafuta. Juu kabisa palikuwa na mstari uliofifia, herufi zimeinama kama nyasi penye upepo: *Karibuni wageni. Tafazali msiwe na haraka ya kuondoka.*

"Tafazali!" Kitinda akacheka. "Huyu angekutana na mwalimu wetu!" Akaufuta na huo.

Mama akaita kutoka bafuni, "Kitinda, unafuta ubao? Ule mstari wa juu usiuguse, bibi alituomba jana. Aliuandika marehemu mume wake."

Kitambaa kikadondosha maji sakafuni, tone, tone.

"Sijaugusa, mama."

Uongo ukishatoka hudai mwenzake. Akachukua chaki, akaandika mstari upya, akiziinamisha herufi vilevile, kisha akazipapasa kwa kidole ili zififie. Mama alipotoka bafuni hakutambua kitu.

Saa tano bibi akapiga hodi, amebeba mashuka safi.

"Mmelalaje, wanangu? Mwalimu hajawachapa usingizini?" alitania. Kisha, kwa mazoea yake, akainua macho ubaoni. Mashuka yakamponyoka.

"Nani ameandika hapa?"

"Si ule ule wa marehemu, bibi?" mama akashangaa.

Bibi akatikisa kichwa. "Mume wangu alikuwa seremala. Miaka thelathini ametengeneza madawati ya watoto wa watu, yeye mwenyewe hakukalia dawati hata miaka miwili. Hakuwahi kuandika 'tafadhali' ikatoka sawa kama hiyo hapo juu. Nikimcheka ananiambia, 'Mgeni hakaribishwi kwa imla, mke wangu.' Aliandika pale Jumatatu. Ijumaa tukamzika."

Kitinda akaanza kulia. "Ni mimi, bibi. Niliufuta kabla sijajua. Nikaogopa, nikaandika mwingine. Nisamehe."

"Kitinda! Na mimi ukaniambia…" mama alianza, lakini bibi akainua mkono kumzuia.

Bibi akakaa kwenye dawati, akalia bila sauti, machozi akiyapangusa kwa ncha ya shuka. Nje jirani alikuwa akikung'uta zulia. Alikung'uta mpaka akamaliza.

"Njoo, mjukuu wangu," bibi akasema mwishowe. "Chaki ni vumbi. Nilijua ipo siku itaondoka, na leo nimeililia. Lakini kama ungefanikiwa, kila siku ningekuwa napanda ngazi kuja kuusalimia mwandiko wako, nikidhani ni wa mume wangu. Kosa la mkono husameheka upesi. Uongo wa kulificha ndio unaoumiza mtu siku nyingi. Ukikosea, sema palepale. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Basi futa huo."

Kitinda akafuta, safari hii polepole. Bibi akampa chaki.

"Sasa andika maneno yake kwa mwandiko wako. Usiuinamishe. Ila lile neno moja liache kama alivyoliandika yeye."

Kiranja wa ubao akaandika herufi zilizosimama wima: *Tafazali.*

Bibi akausoma mstari wote kwa sauti, mara mbili, huku machozi yakimtoka tena.

"Hapo sawa," akasema. "Kosa ni lake, mwandiko ni wako. Hakuna aliyedanganywa."