Pongezi za Bwana Galema

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Jikke alikaa mezani karibu na mama yake na kusoma majina kwenye kompyuta. Mama yake, Wietske, alifanya kazi hapo hapo nyumbani, mjini Sneek. Aliifundisha akili mnemba kufanya kazi za ofisi zinazojirudia, kama kujibu wateja na kupanga miadi. Jikke aliangalia tu kama majina yameandikwa sawasawa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilimpa cha kuringia shuleni.

Wiki hiyo nyumba haikuwa na utulivu. Bwana Galema, mwenye maduka makubwa ya maua, alitaka akili mnemba hiyo iwatumie wateja wake pongezi siku zao za kuzaliwa. Na kwa kuwa huku Sneek hapongezwi mwenye siku peke yake, bali hata mke, watoto na jirani, alitaka nyumba nzima ipongezwe. Alipiga simu asubuhi, mchana, hata wakati wa chakula, kila mara na jambo jipya. Mama hali, halali.

"Tukimaliza hii tunaenda kisiwani Terschelling, hata mvua inyeshe," alisema. Jikke alikuwa amekwisha kulitangazia darasa zima.

Jioni ile macho yake yalikwama kwenye jina la Sjoerd Wiersma, kwenye siku ya kesho. Mzee Sjoerd wa nyumba ya pili alizikwa kabla ya Pasaka. Asubuhi mkewe, Bi Tjitske, angesoma kwenye simu: Hongera kwa siku ya kuzaliwa ya mume wako.

Jikke alifunga kompyuta, akaifungua tena. Akisema, kazi itasimama, na kisiwa ndio basi. Alichukua baiskeli akazunguka mfereji, akapita mbele ya dirisha la Bi Tjitske. Pazia lilikuwa wazi kama kawaida. Bibi alikuwa peke yake mezani, akimenya viazi. Jikke aliona aibu, akageuza baiskeli.

"Mama, Mzee Sjoerd yumo. Anapongezwa kesho."

Mama aliacha kuandika. "Umeliona jina lake sasa hivi?"

"Kabla sijatoka. Nilitaka kunyamaza, kwa ajili ya kisiwa."

Mama alimpigia Bwana Galema, akaweka simu mezani ili Jikke asikie, akamweleza kwamba orodhani kuna marehemu.

"Mmoja tu?" sauti ilisema. "Bi Wietske, usinipotezee muda. Tuma."

"Huenda wapo wengine. Nani dukani kwako anawajua watu hawa?"

"Hakuna. Si ndiyo kazi ya hiyo kompyuta yako?"

"Nipe mtu mmoja tuyapitie majina pamoja."

"Sina mtu, sina muda. Kama umeshindwa sema, nitafute mwingine."

"Basi tafuta mwingine, Bwana Galema. Pongezi za kesho nimezizima."

Mama alikata simu. Jikke alilia, na hakuficha kwamba alikuwa akililia kisiwa.

"Nimekukosesha safari," alisema.

"Mimi ndiye niliyekukosesha. Bouke, fundi baiskeli, alikaa kwenye kiti hicho akanieleza maswali ambayo wateja wake humuuliza kila siku. Nikamwambia asubiri, kwa sababu Galema ana maduka mengi na anajua kunisifu."

"Kwa hiyo Bouke ndiye mteja mzuri? Ana duka kama kabati."

Mama alicheka kidogo. "Anaijua kazi yake, na asilolijua anasema hajui. Mtu huyo mashine itamsaidia. Asiyewajali watu wake, mashine itamsaidia kuwaumiza haraka zaidi. Wewe, mwanangu, ukiona kosa sema, hata kama kusema kunakuuma. Mimi nami nilipaswa kumkataa Galema siku ya kwanza."

Kisha akampigia Bouke, akamwomba radhi, wakapanga aje kunywa kahawa wazungumze.

Asubuhi, simu ya Bi Tjitske haikulia.