Mgeni wa Chumba cha Juu

Lilian aliuacha mshale wa presha ya boila kwenye moja na nusu alipokwenda kuinjika chai. Chai haijachemka, mshale umelala kwenye sifuri na boila, mtambo unaopasha nyumba joto, imezima.

"Sasa wewe unataka nini?" aliiuliza, kwa hasira kabisa.

Ilikuwa mara ya nne Jumatano hiyo, katika baridi kali ya ughaibuni. Alipiga magoti, akafungua mpira wa kujazia maji chini ya boila, akautazama mshale ukipanda, akafunga. Kisha akazunguka nyumba nzima na karatasi ya chooni, akipangusa kila kiungio cha bomba. Karatasi kavu. Zulia kavu. Hata lile bomba la ukutani nje, linalotema maji presha ikizidi, lilikuwa kavu. Maji yanaingia, hayatoki, na hayamo.

Angevumilia kuvaa koti ndani, kama si Elieshi. Mwanawe alizaliwa kabla ya siku zake, na baada ya wiki saba hospitalini alikuwa anarudishwa kwa sharti moja: nesi aje Ijumaa kuikagua nyumba. Ikikutwa baridi, mtoto anabaki wodini.

"Umejaza?" mumewe Geofrey aliuliza kwa simu, akiwa zamu ghalani.

"Nimejaza mpaka magoti yameota sugu! Ukiniuliza tena nitakuja kukujaza wewe."

"Basi, mama, basi. Mwite yule fundi wa mtaa wa Kingsbury."

Fundi Tushar alifika Alhamisi mchana. Alikuwa mzee aliyezaliwa Arusha, na Kiswahili chake hakijachakaa. Alipima mtungi wa hewa, akakagua valvu, akaitenga boila na mabomba ya nyumba: mshale ukatulia. Akayafungua tena, mshale ukashuka.

"Dada, boila yako haina kosa. Maji yanapotelea kwenye mabomba."

"Yanapoteaje na sakafu kavu?"

"Miaka thelathini nafanya kazi hii. Maji lazima yaonekane mahali."

Ndipo wote wawili wakasikia. Juu, kwenye chumba kidogo walichomwandalia Elieshi, kitu kilimeza. Gu. Mshale ukashuka kidogo. Gu. Ukashuka tena.

Tushar alianza kukusanya vifaa vyake bila kumtazama Lilian. "Hii si kazi ya spana," alisema kwa sauti ya chini, na alipofika barabarani alikuwa karibu kukimbia.

Saa kumi na moja jioni giza la Januari lilikuwa limeshaingia mtaani kwao Edmonton. Lilian alipanda ngazi kwa sababu hakuna mwingine wa kupanda. Mlangoni alikutana na harufu ya ngozi iliyoungua, ikamkaa kooni, naye akaenda hivyo hivyo mpaka kwenye redieta ya ukutani, ambamo maji ya moto hupita kupasha chumba, akainama, akaweka sikio karibu na chuma kilichokuwa baridi kama barafu, akasikia kule ndani kumeza, kisha kutema taratibu, kisha sauti nyembamba ya mwanamke akibembeleza, akibembeleza bila kuchoka, kama yeye mwenyewe alivyobembeleza wiki saba mkono wake ukiwa umepenya tundu la kisanduku cha kioo alimolazwa Elieshi wodini.

Alishuka akatoka hata viatu hajavaa.

Bi Ibtisam, Mzanzibari wa nyumba ya tatu, alimfungulia, akamsikiliza, akachukua mtandio wake. Alikuwa na sifa ya kuzungumza na wasioonekana.

"Bi Ibtisam, mimi ni Mlutheri," Lilian alimwambia njiani.

"Kwani nimekwambia usilimu? Nakuuliza, maji ya redieta ile ulimwaga wapi?"

Lilian alikumbuka. Jumapili redieta ilikuwa baridi upande wa juu kwa kujaa hewa, akaitoa hewa hiyo kwa ufunguo wake bila kusubiri ipoe. Maji meusi ya moto yakajaa bakuli. Akayarusha uani kupitia mlango wa jikoni, giza likiingia.

"Ukasema nini ulipomwaga?"

"Nilisema... 'afadhali.'"

Bi Ibtisam alijishika kichwa. "Nyie watu wa bara mtatuua! Kwetu hata mtoto mdogo hamwagi maji ya moto wakati wa magharibi bila bismillahi. Saa hizo wenzetu wasioonekana wanapita, mwanangu. Wao na watoto wao."

Chumbani, Bi Ibtisam aliketi sakafuni mbele ya redieta, akasema maneno mengi ya kunong'ona, kisha akasikiliza. Ukungu ulipanda kwenye kioo cha dirisha. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na machozi.

"Ni mama. Mwanawe umemuunguza. Anakunywa maji akamtemee kwenye vidonda."

"Mfukuze," Lilian alisema. "Kesho nesi anakuja. Nakuomba."

"Naweza. Akitoka usiku huu, yule mdogo hafiki asubuhi. Sema wewe."

Lilian aliitazama redieta. Alikuwa na hasira na boila, na Tushar, na mwezi wa Januari, na huyo mwanamke aliyemnyima mwanawe. Lakini kuuguza mtoto alikujua. Alijua mama anavyohesabu pumzi za mwanawe.

"Asifukuzwe," alisema hatimaye. "Nampa chumba. Aache mabomba."

Wakafunga valvu za redieta ile pande zote mbili, wakamwekea mgeni beseni la maji baridi, wakavuta mlango. Lilian akaijaza boila mara ya mwisho; mshale ukasimama kwenye moja na nusu na haukutikisika tena.

Ijumaa nesi alikuja na kipimajoto. Sebule nyuzi ishirini na moja. Chumba cha wazazi, ambamo sasa kilikuwemo kitanda cha Elieshi, ishirini. Alitabasamu, akaandika. Kisha akasimama mbele ya mlango wa chumba kidogo.

"Na hapa?"

"Hatukitumii," Lilian alisema.

Ndani, mtoto alilia. Kilio cha mkwaruzo, cha mtu mdogo mwenye maumivu.

Nesi aliinua kalamu. "Lilian, uliniambia Elieshi ndiye mtoto wako wa kwanza."

"Ni wa mgeni wangu," Lilian alisema. "Anamuuguza."

Nyuma ya mlango kitu kilisema shhh, kirefu, na kilio kikakoma.

"Aa, mama yake ameshamchukua," nesi alisema kwa upole. "Tusiwasumbue. Elieshi aje kesho."

Na kwenye fomu, penye idadi ya watoto wanaoishi katika nyumba hiyo, akaandika: wawili.