Mwanamme wa Soko la Jumatano

Sogeeni hapa, hii siisemi kwa sauti.

Ibra, huko Omani, kuna soko la Jumatano la wanawake tupu. Mwanamme hatii mguu. Bi Shukriya, aliyerudi kutoka Unguja na sindano zake, akiuza pale kofia alizoshona mwenyewe. Macho yake, kwa kofia hizo, ndiyo yaliyomsomesha bintiye, Fakhriya.

Jumatano moja akashtuka. "Kaltham, nani kamruhusu mwanamme yule?"

"Mwanamme gani?" Jirani yake akacheka. "Wallahi, ujane ushakupanda kichwani!"

Akacheka naye, lakini akimwona: mweusi, hana uso, kasimama mkono wa kushoto. Akifumba jicho la kushoto, hayupo. Akilifumbua, yupo, kasogea hatua.

Jumatano ya tatu kashaliziba jicho lote. Maumivu hakuna, ila harufu ya udi ikimfuata hata chetezo kikiwa baridi.

Fakhriya akampeleka hospitali. Daktari akammulika.

"Mama, mshipa wa damu nyuma ya jicho umeziba, damu imevuja. Presha yako iko juu. Hili limeshaharibika. Vidonge hivi vya kulilinda la pili, usiache hata siku moja."

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mwanangu." Moyo wake uko kwenye ule udi, harufu ya jini.

Kwa siri akaenda kwa Maalim Mahrous. Akanywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani, akasomewa tangu adhuhuri, mlango umefungwa, upepo hakuna, na moshi wa chetezo badala ya kupanda ukawa unatambaa sakafuni, ukamzunguka miguu, ukampanda kifuani, hata kinywa chake kikafunguka chenyewe na sauti nzito isiyo yake ikasema, "Natoka. Huku nishamaliza."

"Keshatoka," akanong'ona maalim, jasho linamtiririka. "Dawa nyengine usichanganye."

Vidonge akavitia ndani ya kopo la nyuzi.

Baada ya miezi miwili akarudi sokoni.

"Bwana'ko leo hakuja?" Kaltham akamtania.

"Katoka, alhamdulillahi." Akatunga uzi kwa jicho lililobaki.

Udi ukanuka.

Akainua uso. Katikati ya mabuibui, mkono wa kulia, kasimama. Bi Shukriya akafumba jicho, akasoma alichokikumbuka, akalifumbua. Kasogea hatua.

"Kaltham," akasema polepole, "nishike mkono." Mkono wa pili ukawa unapapasa kopo la nyuzi, na vidonge ndani yake vikachakacha, vizima vyote.