Kona ya Mwisho

Siku ya kwanza alimlowesha. Watu walijaa uwanjani kusubiri mbio za pikipiki, vumbi limewafika hadi kwenye kope, na mpiga picha alikuwa ameinama kwenye kona ya mwisho, akiifunga taa yake ya studio kwenye stendi na kuizuia kwa mfuko wa mchanga isiangushwe na upepo. Gari la maji la kutuliza vumbi likapita. Alipoinuka, alikuwa chapachapa.

"Dada! Taa si mboga, haimwagiliwi!"

Dereva akatoa kichwa dirishani: ovaroli ya bluu, kitambaa cha manjano, vishimo mashavuni. Waendesha pikipiki walimwita Mvua.

"Pole, kaka. Nilidhani umepandwa hapo."

"Sasa umeshanimwagilia, kunitunza ni kazi yako."

Jioni ile ile mpiga picha alimwonyesha kazi yake. Taa aliitega upande wa pili wa kona, ikimtazama yeye mwenye kamera. Pikipiki ikipita katikati, mwanga ulipenya vumbi kutoka nyuma na vumbi lote likageuka dhahabu, mwendeshaji akaonekana kama anaelea usingizini. Mvua aliitazama picha, akairudia tena. Miaka yote alikuwa akipigana na vumbi, wala hakujua kwamba ni zuri. Moyo ukamwenda mbio, akasingizia joto.

Basi mapenzi yakaanza, na simu nazo.

"Umekula, Bwana Taa?"

"Nimekula sauti yako."

"Utakonda, mpenzi."

Mvua alilala akitabasamu, akiota dhahabu ikimwangukia polepole juu ya nywele.

Kisha ikaja wiki ya fainali.

"Mpenzi, kuna gazeti linataka picha ya fainali. Nikiipata, wananiajiri. Kona ya mwisho usiimwagilie. Hiyo moja tu."

"Kaka yangu yumo kwenye fainali. Anayefuata nyuma ataona nini kwenye vumbi hilo?"

"Ni kona moja!"

"Na kaka ninaye mmoja."

"Basi hunipendi."

"Wewe unapenda vumbi. Mimi nilikuwa dereva tu."

Mvua akakata simu. Mwanamume mzima akanuna kama mtoto aliyenyimwa pipi. Alitamani kuomba radhi, kiburi kikamzuia, na siku zikapita bila hata ujumbe mmoja.

Siku ya fainali Mvua alimwagilia kona zote, ile ya mwisho akairudia. Lakini jua lilikuwa kali na upepo haukutulia. Mbio zilipofika katikati, kona ilikuwa imekauka, na gari la maji haliruhusiwi kuingia njiani pikipiki zikikimbia. Mvua alisimama kando ya gari lake, mikono kichwani.

Vumbi likainuka. Pikipiki ya kwanza ikapita, taa ikawaka, lakini mpiga picha aliambulia gurudumu tu. Ya pili ilikuwa ya kaka yake Mvua. Taa ikawaka tena nyuma yake, na vumbi lililokuwa mbele yake likawa ukuta mweupe. Kijana akayumba, akajishika kwa shida. Nyuma yake wenzake walikuwa wanakuja kwa pamoja, vumbi limewafunika vizuri ajabu. Hiyo ndiyo picha aliyoiota maisha yake yote, na kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Akaiacha kamera. Akamkimbilia mshika bendera akipiga kelele, "Simamisha! Hawaoni!"

Mbio zikasimamishwa. Mwandaaji akafoka weee, hakusikilizwa na mtu. Gari la maji likaingia taratibu, likailowesha kona, likasimama karibu na stendi. Mvua akashuka.

"Picha umepata?"

"Nimepata gurudumu."

"Na kazi ya gazeti?"

"Ndiyo basi tena. Nisamehe, mpenzi. Ulikuwa na haki, mimi nikanuna. Nakupenda kuliko vumbi la dunia nzima."

Mvua alicheka huku machozi yakimtoka. "Haya, washa hiyo taa."

"Vumbi hakuna. Nipige picha ya nini?"

"Jamani! Yangu!"

Akainua kamera. Alipomwona mle ndani, amelowa na anang'aa, akasahau kubonyeza. Akaishusha.

"Kwanza niseme. Nataka kuja nyumbani kwa wazazi wako. Nikubalie nikuoe."

Mvua alijifuta uso, akajipaka tope, akaitikia kwa kichwa.

Injini ziliguruma nyuma yao. Kaka mtu akafunua helmeti, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia:

"Shemeji! Harusi baadaye, toeni gari njiani!"