Kompyuta ya Mama Ina Joto

Shemsa alikaa Tanga, katika nyumba yenye mlango wa buluu. Alikaa na Mama, na Bibi, na mdogo wake Kheri, ambaye bado hakuwa na jino hata moja.

Mama alikuwa mchoraji wa kanga. Alianza na pindo, akachora mji wa katikati, na mwisho akaandika jina la kanga, yale maneno machache ambayo majirani hupenda kuyasoma.

Mama hakuchora kwa kalamu. Alichora kwa kompyuta.

Kioo cha kompyuta kilikaa mezani. Kasha lake jeusi lilikaa chini, kwenye pembe ya chumba, na ndani ya kasha mlikuwa na feni moja ndogo.

Asubuhi feni ilizunguka taratibu. Lakini jua lilipopanda, kasha lilipata joto, na feni ikaanza kukimbia.

Vuuu, vuuu, vuuu.

Kheri alikuwa amelala kitandani, karibu na meza. Akafumbua jicho moja, akafumbua na la pili.

Nyaa, nyaa, nyaa.

Mama akazima kompyuta. Akambembeleza Kheri mpaka akalala, kisha akaiwasha tena.

Vuuu, vuuu, vuuu.

Nyaa, nyaa, nyaa.

"Wanaimba pamoja," alisema Shemsa.

"Hawajui kuimba," alisema Mama. "Wote wawili."

Siku moja, mchana wa jua kali, Mama alikuwa akichora kanga ya korosho. Zilibaki korosho chache tu za pindoni.

Vuuu, vuuu, vuuu. Pap.

Kioo kikawa cheusi. Kompyuta ilikuwa imezidiwa na joto, ikajizima yenyewe, na korosho zote zikapotea.

Mama alikaa tu, mikono mapajani, akitazama kioo cheusi.

Shemsa akaja akasimama karibu naye. Alijua kwamba mtu akikaa hivyo, ni vizuri kusimama karibu naye.

"Mwenye duka la kanga ananisubiri," alisema Mama baadaye. "Dukani kwake kuna chumba chenye ubaridi, na kompyuta nyingine. Itabidi niwe nakwenda kuchorea kule."

"Na utarudi saa ngapi?"

"Jioni, mwanangu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Shemsa akafikiri. Akiwaza mchana bila Mama, nyumba aliiona kubwa mno.

"Mama, usiende," alisema. "Kompyuta inaumwa joto tu. Tuipoze."

Mama alilitazama kasha. "Haya. Tujaribu mpaka Ijumaa. Tukishindwa, Jumamosi nitakwenda."

Shemsa akapiga magoti mbele ya kasha. Lakini hakuliona kasha, aliona kitambaa.

Katika nyumba ile, kila kitu kilivaa kitambaa. Redio ilivaa kitambaa, friji ilivaa kitambaa, na hata mtungi wa maji ulivaa chake kidogo.

Vyote alivifuma Bibi. Na kitambaa cha kompyuta kilikuwa kizuri kuliko vyote, chenye maua mekundu, kirefu mpaka chini.

Shemsa akakitoa polepole. Akajifunika nacho yeye mwenyewe, kichwani mpaka magotini, akakaa kimya.

Bibi akaingia. "Mjukuu wangu, hapo ni wewe au ni zimwi?"

"Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umejifunika?"

"Nataka kujua kompyuta inavyojisikia."

"Ehe. Inajisikiaje?"

"Inajisikia joto, Bibi."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Masikini. Kumbe nimeivisha koti katika jua la Tanga."

Akakikunja kitambaa chenye maua mekundu, akakiweka juu ya meza. Kilipendeza pale pia.

Mama akavuta kasha kutoka pembeni, ili lipumue. Akawasha kompyuta.

Vuuu, vuuu, vuuu.

"Imepungua kidogo," alisema Mama.

Nyaa, nyaa, nyaa, alisema Kheri. Kwake yeye haikuwa imepungua.

Siku ya pili alikuja Mjomba Sefu, kaka yake Mama. Mjomba Sefu alipenda vitu viwe vingi. Chai yake ilikuwa na sukari nyingi, na shati lake lilikuwa na mifuko mingi.

Alileta mfuko mzima wa feni ndogondogo.

"Feni moja haitoshi," alisema Mjomba. "Wengi wape, Shemsa."

Mama akachomoa waya wa umeme. Mjomba akashika bisibisi, akafungua kasha. Akaweka feni mbele, akaweka feni nyuma, akaweka feni ubavuni, akaweka na nyingine juu.

"Sasa itatetemeka kwa baridi," alisema. "Washeni."

VUUU, VUUU, VUUU.

Paka wa nyumbani akaruka dirishani. Kuku wa jirani wakakimbilia chini ya gari lililoegeshwa nje.

NYAA, NYAA, NYAA.

Mama akagusa kasha. "Sefu, bado lina moto."

"Haiwezekani," alisema Mjomba. Akagusa na yeye, akaondoa kidole haraka.

Shemsa akatoka uani. Akarudi na unyoya mmoja wa kuku, mwepesi, mweupe.

Akaushika kwa ncha, akausogeza mbele ya kasha. Unyoya ukainama kuelekea ndani.

Akausogeza ubavuni. Ukainama kuelekea ndani.

Akausogeza juu, akausogeza na nyuma. Ukainama kuelekea ndani.

"Mjomba," alisema Shemsa, "feni zote zinaingiza hewa. Ipi inatoa?"

Mjomba Sefu akakaa chini, sakafuni, karibu na Shemsa.

"Hilo sikulifikiria," alisema. "Hebu tufikirie wote."

Mama akazima kompyuta. Kheri akanyamaza.

Chumba kilikuwa na joto. Bibi akafungua mlango wa mbele, wa buluu. Hakuna kilichotokea.

Kisha akafungua na mlango wa uani. Upepo ukaingia mbele, ukapita katikati ya chumba, ukatokea nyuma. Pazia likapunga kama mkono.

Shemsa akalitazama pazia. Akalitazama kasha.

"Kasha nalo linataka milango miwili," alisema.

Hewa baridi iingie huku.
Hewa moto itokee kule.

Mama akampa Shemsa karatasi na penseli. Shemsa akachora kasha, na mshale mmoja wa kuingilia, mbele.

"Na wa kutokea niuchore wapi, Mama?"

"Chungu kikichemka, mvuke unakwenda wapi?"

"Juu."

"Basi."

Shemsa akachora mshale wa pili nyuma, juu kabisa. Akauonyesha mchoro wake kwa kila mtu, mpaka kwa Kheri, ambaye alitaka kuula.

Hewa baridi iingie huku.
Hewa moto itokee kule.

"Mpango tunao," alisema Mjomba. "Zinatosha feni mbili tu. Lakini hizi ndogo zinapiga kelele, na tukizipunguza kasi, hazitoi upepo."

Bibi akaingia chumbani kwake. Akarudi na pepeo mbili za mkono, za ukindu. Mmoja mdogo, mmoja mkubwa kama sinia.

"Shemsa, kaa hapa," alisema Bibi.

Akampepea kwa ule mdogo. Ili Shemsa ahisi upepo, Bibi alipepea haraka haraka.

Fwa-fwa-fwa-fwa-fwa.

"Mkono unauma," alisema Bibi. "Na kelele unaisikia?"

"Naisikia."

Kisha akachukua ule mkubwa. Akapepea mara moja, polepole.

Fuuu.

Nywele za Shemsa zikalala upande mmoja. Na Bibi hakuwa ametoka jasho.

"Kubwa na polepole," alisema Shemsa.

"Hata mimi ndivyo nilivyo," alisema Bibi.

Mjomba Sefu akakusanya zile feni ndogo na kuzirudisha kwenye mfuko. Alhamisi akaja na feni mbili tu, kubwa, zenye mapanga mapana.

"Umeleta chache, Mjomba," alisema Shemsa.

"Nimeona uchungu," alisema Mjomba. "Lakini nimeleta chache."

Mama akachomoa waya. Mjomba akafungua kasha. Shemsa akashika brashi laini, akafagia vumbi kwenye matundu.

Vumbi lilikuwa jingi. Mjomba akapiga chafya. Bibi akapiga chafya. Paka hakukaa kusubiri zamu yake.

Feni ya kwanza wakaiweka mbele, chini. Ya pili wakaiweka nyuma, juu.

Hewa baridi iingie huku.
Hewa moto itokee kule.

Wakawasha. Feni zikazunguka polepole. Lakini kasha lenyewe likaanza kutetemeka sakafuni.

Tetete, tetete, tetete.

Kheri akafumbua jicho moja.

"Zima, zima," alinong'ona Mama.

Wakatazama chini ya kasha. Miguu yake ilikuwa ya plastiki ngumu, na sakafu ilikuwa ya saruji.

"Inatembea bila viatu," alisema Shemsa.

Akakimbilia chini ya kitanda. Akatoa kandambili yake ya zamani, ile iliyokatika kamba, laini kama mkate.

Mama akaikata vipande kwa mkasi. Wakaweka kipande chini ya kila mguu wa kasha.

Ijumaa mchana, jua likapanda. Bati likaanza kulia, tik, tik, kwa joto. Ilikuwa siku ya mwisho ya kujaribu.

Mama akamlaza Kheri karibu na meza. Akakaa kwenye kiti chake.

Bibi akasimama mlangoni. Mjomba Sefu akasimama nyuma ya Bibi. Shemsa akashika unyoya wake kwa vidole viwili.

Mama akabonyeza kitufe.

Hakuna aliyesikia kitu.

"Haijawaka," alinong'ona Mjomba.

"Shh," alisema Shemsa. Akausogeza unyoya mbele ya kasha. Ukainama kuelekea ndani.

Akausogeza nyuma, juu. Unyoya ukamponyoka, ukapaa, ukaelea mpaka puani kwa Mjomba Sefu.

"Imewaka," alisema Mjomba, akizuia chafya kwa mikono yote miwili.

Wakatega masikio. Ndipo wakaisikia, mbali, kama mtu anayepuliza chai.

Fuuu. Fuuu. Fuuu.

Mama akachora korosho. Akachora nyingine, na nyingine. Jua lilikaa kichwani, likasogea, likaanza kushuka.

Fuuu. Fuuu. Fuuu.

Kasha likabaki vuguvugu tu, kama kikombe cha maziwa. Kioo hakikuwa cheusi. Na Kheri alilala, mdomo wazi, ufizi nje.

Jumamosi asubuhi Shemsa aliamka mapema. Alikimbia chumbani kwa Mama bila kunawa uso.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, miguu peku, amejifunga kanga ya nyumbani.

"Mama, huendi?"

"Niende wapi, na kazi yangu iko hapa?"

Shemsa alikaa chini, akaegemeza mgongo wake kwenye miguu ya Mama, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Kanga ya korosho ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni jina tu.

"Hili nimelifikiria jana," alisema Mama. Akaandika herufi moja moja, huku Shemsa akizisoma kwa sauti.

POLEPOLE NDIYO RAHA YETU.

"Majirani watauliza inamsema nani," alisema Bibi.

"Waulize," alisema Mama.

Usiku, Mama alizima kompyuta na kumshushia Shemsa chandarua. Shemsa akajilaza kwenye mto wake. Kheri alikuwa ameshalala zamani.

Hakuna vuuu. Hakuna nyaa. Hakuna tetete.

Nyumba ilikuwa kimya sana, kimya kuliko siku zote. Na katika ukimya ule Shemsa akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia.

Khooo. Pyuu.

Khooo. Pyuu.

Shemsa akainua kichwa. "Mama, ni nini kile?"

Mama akasikiliza. Akaziba mdomo ili asicheke.

"Ni Bibi yako. Anakoroma."

"Huwa anakoroma kila siku?"

"Labda. Ulikuwa ukilala feni bado ikivuma, hukuwa unasikia."

Shemsa akafikiri gizani. "Mama, Bibi naye anataka feni?"

"Hapana, mwanangu. Bibi yuko sawa. Sikiliza vizuri."

Shemsa akasikiliza vizuri.

Khooo, hewa iingie huku.
Pyuu, hewa itokee kule.

"Kweli," alisema Shemsa. "Yuko sawa."

Akageukia ukutani, akafumba macho. Khooo ya kwanza aliisikia. Pyuu yake hakuisikia, kwa sababu alikuwa ameshalala.